Mlango Mmoja wa Kushoto: Uchambuzi wa Gari Dogo la Teksi Lililochorwa Nairobi

Kisa chenyewe ni hiki. Madereva kadhaa wa teksi za programu za simu, waliojiunga katika sacco ili waweke akiba na kukopeshana, walitaka kujua kama gari dogo la umeme linaweza kubuniwa hapa Nairobi kwa ajili ya kazi yao, badala ya kuendelea kukopa pesa za kununulia Vitz, Demio na Passo zilizokwisha kutumika Japani. Karakana moja ya Industrial Area ikakubali kuwachorea gari la dhana, yaani gari la kuonyesha wazo kabla pesa za kiwanda hazijaanza kutafutwa. Mchoro wa kwanza ulipowekwa mezani, madereva waliukataa. Wa pili uliwagawanya. Hapo ndipo nilipoitwa, mimi mbunifu wa bidhaa ambaye sikuwa na mkono katika mchoro wowote kati ya hiyo miwili, niisome yote na kusema kama wazo linastahili kujengwa.

Mchoro uliokataliwa ulikuwa mzuri wa kutazama. Gari la mita 2.5, viti viwili, matairi ya inchi 12, betri bapa iliyotandazwa chini ya sakafu yote, na milango miwili inayofanana kabisa. Aliyeuchora alijua alikotoka. Smart ya viti viwili, iliyoanza kuuzwa 1998, ilikuwa na urefu wa mita 2.5. T.25 ya Gordon Murray, iliyoonyeshwa 2010, ilishuka hadi mita 2.4 kwa upana wa 1.3, dereva akiketi katikati na abiria wawili nyuma yake, na magari matatu ya aina hiyo yangetosha katika nafasi ya kuegesha gari moja. Citroën Ami ya 2020 ina mita 2.41. Yote haya yalibanwa urefu kwa sababu moja: yalizaliwa kwa ajili ya miji ambamo tatizo kubwa la mwenye gari ni mahali pa kuliacha. Mjini Roma, mwenye Smart huingiza pua ya gari lake kwenye ukingo wa barabara, katika upenyo ambao wengine wameupita wakiutazama tu.

Nairobi tatizo hilo lipo, lakini si la dereva wa teksi. Katikati ya jiji ada ya kuegesha hutozwa kwa siku na kwa aina ya gari, wala hakuna anayepima sentimita. Gari la mita 2.5 na saluni ya mita 4 hulipa sawa. Tena dereva wa teksi haegeshi sana. Anasubiri ndani ya gari, simu inalia, anaondoka. Ukimkatia urefu umemnyima kiti cha kulipiwa na hujampa chochote badala yake. Dereva mmoja aliniuliza: "Mwalimu, mama ametoka Gikomba na binti yake, mtoto yuko mgongoni, na mifuko miwili ya mitumba. Nimwambie nani abaki?"

Linalofaa kupunguzwa hapa ni upana. Msongamano wa Nairobi una safu mbili za magari na, kati yake na kando zake, mito ya bodaboda. Gari jembamba huziachia pikipiki njia, na vioo vya pembeni hubaki mahali pake. Wajapani walikwisha fika huko kwa njia ya sheria: magari yao madogo ya kei yana kikomo cha urefu wa mita 3.4, upana wa mita 1.48 na injini ya cc 660, na ndani ya vipimo hivyo watu wanne wanakaa. Abiria wa Nairobi naye hana ugomvi na udogo, ilmradi nauli ishuke. Mwaka 2018 Uber ilileta hapa huduma ya Chap Chap kwa kutumia Suzuki Alto, na watu walipanda.

Mchoro wa pili ulifuata njia hiyo. Urefu mita 3.25, upana mita 1.5, kimo mita 1.62, na mita 2.2 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Dereva mmoja na abiria watatu: wawili nyuma, mmoja mbele kushoto kwenye kiti kinachokunjika, ili kikikunjwa sakafu ile iwe mahali pa mzigo. Teksi nyeusi za zamani za London zilibeba mizigo vivyo hivyo, kando ya dereva, na sioni haya kusema wazo ni la kuazima. Mota ya kilowati 25, kasi isiyozidi kilomita 90 kwa saa. Kasi hiyo ilileta mjadala mfupi, kwa sababu Ulaya vigari vya umeme kama Ami vimefungwa visipite 45. Lakini dereva wa Nairobi hawezi kumkataa mteja wa uwanja wa ndege wa JKIA. Barabara ya Mombasa na Thika Road ndiko kuliko na nauli nzuri, na kigari cha 45 huko ni kikwazo na hatari.

Sasa tuje kwenye matairi, maana hapa ndipo nilipoona kwamba mchoro wa pili ulichorwa na mtu aliyetazama chini. Magari madogo ya dhana hupenda magurudumu madogo kwa sababu gurudumu hula nafasi ya miguu. Mini ya 1959 ilitumia rimu za inchi 10 kwa sababu hiyo hiyo. Hongguang Mini EV ya Wuling, iliyotoka China 2020 ikanunuliwa kwa wingi mno, inatumia za inchi 12. Ni sawa kwa lami iliyonyooka. Lakini chukua shimo lenye upana wa sentimita 40, lile la kawaida baada ya mvua za masika. Tairi la 145/70R12 lina nusu kipenyo cha sentimita 25 na kitu, na likipita juu ya shimo hilo polepole huzama karibu sentimita 10. Tairi la 165/70R14 huzama kama 8. Sentimita mbili hizo hazionekani kwenye mchoro, ila ukizirudia mara mia kwa siku ndizo zinazoamua kama mipira ya mikono ya magurudumu ya mbele itaisha kwa miezi au kwa miaka. Na 165/70R14 ndilo tairi la Vitz. Dereva akipasukiwa Kariobangi au Kawangware analipata, jipya au lililotumika, bila kumpigia mtu yeyote simu. Nililipigia mstari jambo hili kwenye ripoti yangu kwa wino mwekundu, kwa furaha.

Bei ya uamuzi huo ni nafasi. Matao ya magurudumu makubwa yanaingia ndani, na mguu wa kulia wa dereva unabanwa. Karakana ililitatua kwa kuketisha watu wima zaidi, kama wanavyokaa kwenye kiti cha meza ya kulia chakula, na hiyo ndiyo sababu ya kimo cha mita 1.62. Mtu akikaa wima hahitaji urefu mwingi mbele yake. Faida ya pili ilijitokeza yenyewe: kiti kiko juu, kwa hiyo mzee mwenye maumivu ya magoti hashuki shimoni wala hapandi ngazi, anageuka tu na kuketi.

Ila gari jembamba na refu kwenda juu lina hatari ya kupinduka. Kipimo chake cha kwanza ni rahisi: chukua nusu ya upana kati ya tairi la kulia na la kushoto, ugawanye kwa kimo cha kitovu cha uzito. Kwa mchoro huu ni mita 0.65 kugawanywa kwa 0.52, unapata 1.25. Saluni nyingi hupata zaidi ya hapo, magari marefu ya barabara mbovu mara nyingi hupata chini. Si pabaya, lakini hakuna pa kuchezea. Nilipendekeza marufuku ya kariya ya mizigo juu ya paa, iandikwe na pia ichorwe, kwa maana ya paa lenye mgongo wa mviringo usioshika kariya. Kwenye karatasi tu, marufuku ingesahaulika siku ya kwanza mtu atakapohama nyumba.

Kinachoshusha kitovu hicho ni betri. Mchoro wa kwanza uliitandaza chini ya sakafu yote, kama yafanyavyo magari mengi ya umeme. Mjini kwetu tumbo la gari hugusa tuta. Gari lenye nafasi ya sentimita 15 likiwa tupu linaweza kupoteza sentimita nne au tano abiria watatu wakiketi na mzigo ukiwekwa, na matuta ya mitaani hayakujengwa kwa kipimo kimoja. Mengine yalimwagwa na wakazi wenyewe baada ya mtoto kugongwa, na mtu hawezi kuwalaumu. Mchoro wa pili unaipandisha nafasi hadi sentimita 18 na kuigawa betri mafungu mawili, moja chini ya kiti cha dereva na kile cha kukunjwa, la pili chini ya kiti cha nyuma. Katikati, pale tuta linapopapasa, pamebaki bati na fremu. Nyaya zote za umeme mkubwa zimepitishwa juu ya sentimita 35 kutoka ardhini. Aliyeona mafuriko ya Aprili na Mei 2024 hatauliza kwa nini.

Betri ni ya kilowati-saa 16, ya fosfati ya chuma, uzito kama kilo 120. Wahandisi wa karakana walikadiria kilowati-saa 10 kwa kilomita 100, hivyo kilomita 160 hivi kwa chaji moja. Madereva walinung'unika, maana anayeshinda barabarani hupita hapo. Sikuwaunga mkono. Soketi ya kawaida ya ampea 13 hutoa kama kilowati 3, na saa mbili za chakula cha mchana hurudisha kilomita 60. Kuongeza betri ni kuongeza uzito, na uzito unarudi kudai springi kubwa, breki kubwa na bei kubwa. Umeme wenyewe tunao, na mwingi unatoka kwenye mvuke wa Olkaria, mabwawa ya mito na upepo wa Turkana. Tena kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha: Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na injini ndogo ya petroli isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza hapa sehemu ya sita hivi ya nguvu zake kwa sababu hewa ni nyepesi. Mota ya umeme haipotezi kitu.

Sasa mlango, ambao ndio uliowagawanya watu.

Mchoro wa kwanza uliazima ujanja wa Ami. Gari lile linatumia mlango mmoja kwa pande zote mbili: umbo lile lile linafungwa kushoto na kulia, kwa hiyo upande mmoja bawaba ziko mbele na upande wa pili ziko nyuma. Kiwanda kinanunua kalibu moja badala ya mbili. Ni ubunifu ninaouheshimu sana, na kwa karakana yenye pesa kidogo unavutia. Lakini fikiria mlango wenye bawaba nyuma ukifunguliwa kwenye Tom Mboya Street na bodaboda inakuja kutoka nyuma. Mlango wa kawaida ukigongwa hivyo huvunjwa kuelekea mbele. Ni hasara, na mwendesha pikipiki anaweza kuumia vibaya. Wenye bawaba nyuma ukigongwa hujifunga kwa nguvu, na mguu wa anayeshuka uko katikati. Na hapa pikipiki hupita pande zote, hata kushoto, kati ya gari lililosimama na ukingo wa barabara, pale pale abiria anaposhukia.

Mchoro wa pili ulifuta bawaba kwa abiria wote. Upande wa kulia una mlango mmoja tu, wa dereva. Upande wa kushoto una mlango mmoja mkubwa wa kuteleza, wenye uwazi wa karibu mita moja, unaowahudumia abiria wa mbele na wa nyuma. Toyota iliwahi kuuza gari la mlango mkubwa wa kuteleza upande wa kushoto, Porte, tangu 2004, na wachache wanalo hapa Nairobi. Lakini huhitaji kwenda mbali hivyo. Kila mtu mjini alikwisha kupanda matatu ya HiAce. Mlango wa kuteleza hautoki nje ya ubavu wa gari zaidi ya kiganja, pikipiki haina cha kugonga, na abiria anachungulia kwanza kabla ya kuweka mguu chini. Tena unamlazimisha kila abiria kushukia upande wa kijia cha miguu. Hakuna anayeshukia katikati ya barabara, kwa sababu hakuna mlango huko.

Wanaoupinga walikuwa na hoja mbili, na zote mbili nzito.

Ya kwanza ilitoka kwa fundi wa bodi, mzee aliyetengeneza milango ya matatu kwa miaka mingi. Alimwambia mhandisi kijana aliyechora: "Binti yangu, reli ya chini ndiyo hufa kwanza." Mlango wa kuteleza unaning'inia kwenye reli tatu, ya juu, ya katikati na ya chini, na ile ya chini hukusanya vumbi jekundu, kokoto na matope, vigurudumu vinaliwa, kisha kondakta anaanza kuusukuma kwa bega. Mhandisi alijibu kwa heshima, "Nimekusikia, Mzee," na kwa kweli alikuwa amesikia, maana mchoro uliofuata ulikuja na reli ya chini iliyofunguliwa kwa chini ili uchafu uanguke barabarani badala ya kukaa, na vigurudumu vikawa vya kipimo kile kile cha HiAce, vinavyouzwa Kirinyaga Road. Mzee aliutazama, akauliza unene wa bati, akanyamaza. Kwa desturi ya mafundi hiyo ni idhini.

Hoja ya pili ni ya uhai wa watu. Gari likigongwa ubavu wa kushoto, au likilala kwa ubavu huo, abiria watatu watatokea wapi? Hapa nilikuwa mkali, na bado ni mkali. Mwaka 2014 Global NCAP, shirika linalopima usalama wa magari, iligongesha magari madogo yaliyokuwa yakiuzwa India, kwa kasi ya kilomita 64 kwa saa, na Tata Nano na Suzuki Alto 800 yakapata nyota sifuri. Udogo peke yake si kosa. Smart ililijibu swali hilo mapema kwa fremu ya chuma kigumu inayowazunguka abiria pande zote. Gari la kilo 780 litakaloingia barabara moja na basi la abiria 33 halina haki ya kukwepa swali hilo. Na uwazi wa mita moja bila nguzo katikati ni udhaifu mkubwa katika ubavu.

Kwa hiyo nilidai mambo ambayo karakana haikuyapenda kwa sababu ya gharama. Nguzo ya katikati iwekwe ndani ya mlango wenyewe, ikifungwa juu na chini kwa ndoano mbili mlango unapofika mahali pake, ili ubavu uwe na nguzo gari linapotembea. Mlango wa buti ufunguke kwa ndani kwa mkono wa chuma, si kwa umeme, na mgongo wa kiti cha nyuma ulale kwa kuvuta mkanda mmoja ambao mtoto ataweza kuuvuta. Kioo cha nyuma kulia kiwe cha kusukumwa kikatoka. Na kwanza kabisa, fremu tupu igongeshwe ubavu kabla ya pesa yoyote kutumika kwenye rangi, taa na dashibodi.

Neno la mwisho lilihusu sura na bei. Baadhi ya wanachama wa sacco walitaka gari litangazwe kama la bei rahisi kuliko yote Kenya. Niliwaomba wasifanye hivyo, nikawasimulia Nano: ilizinduliwa Januari 2008 kwa ahadi ya rupia laki moja, gurudumu lake likifungwa kwa nati tatu, kifutio cha kioo kimoja, na mwanzoni haikuwa hata na mlango wa buti wa kufunguka. Uzalishaji ulikoma 2018. Ratan Tata mwenyewe alikiri baadaye kwamba kuliita gari la bei rahisi kabisa kulikuwa kosa. Mteja anayeagiza teksi kwenda kwenye usaili wa kazi hataki kushuka kutoka kwenye umaskini wa mtu mwingine. Karakana ilibakisha paneli za ubavu zikiwa na mkunjo mmoja tu, ambao fundi wa bodi anaweza kuurudisha kwa nyundo, na ikaweka bidii yote kwenye uso wa gari: taa mbili za mviringo, boneti fupi, kioo kikubwa cha mbele. Linaonekana gari lenye heshima zake.

Kenya imewahi kujaribu makubwa kuliko haya. Mwaka 1990 magari matano ya Nyayo Pioneer, yaliyotokana na agizo la Rais Moi kwa Chuo Kikuu cha Nairobi, yalionyeshwa Kasarani, na pesa za kuyatengeneza kwa wingi hazikupatikana. Mobius, iliyoanzishwa na Joel Jackson kwa ajili ya barabara za mashambani, ilitangaza 2024 kuwa inafunga, kabla ya kupata mnunuzi. Ndiyo maana ripoti yangu haikuomba kiwanda. Iliomba fremu moja, milango yake, na mzigo wa kuigonga kwa ubavu, kisha gari moja litembee na dereva wa sacco hadi vigurudumu vya reli ya chini viishe. Nimeupitisha mchoro wa pili kwa masharti hayo. Sacco imekubali kulipia fremu, na mzee wa bodi ndiye atakayeichomelea.